Msalaba wa Mama Niliufukua Bondeni

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mjane, na naishi kijiji kimoja si mbali na Igowole. Nalima vinyungu, zile bustani zetu za bondeni tunazolima kiangazi kwenye unyevunyevu. Wasomaji wenzangu, ni miezi kadhaa sasa sijatia mdomoni mboga ya bustani yangu mwenyewe. Nisikilizeni, mtajua kwa nini.

Juu ya bonde langu kuna kilima alichotuachia mama. Mdogo wangu Festo alichukua kilima, mimi nikachukua bonde. Mama tulimzika kule juu shambani kwake, kaburi la udongo tu, na msalaba wa mbao ambao Festo aliupaka rangi nyeupe. Tulikubaliana tutalijengea kwa saruji tukijaliwa. Enzi za uhai wake mama alipanda mistari ya mabingobingo kukata mteremko ili majani yashike udongo, na Festo aliapa hataigusa.

Mwaka jana nilivunjika mguu. Kupanda kilima kukanishinda kabisa. Kila nilipomuuliza habari za kaburi alinijibu, "Dada, wewe tulia. Kwa mama ni pasafi, napalilia mwenyewe." Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini mtoto niliyembeba mgongoni?

Kumbe... mabingobingo yote alikwishayang'oa. Huku kwetu wakulima wa viazi wanaogopa matuta ya kukinga mteremko, wanasema maji yakituama viazi vinaoza. Basi yeye akapiga matuta ya kushuka, toka juu hadi mpakani kwangu, akipita ubavuni mwa kaburi ili asipoteze hata mstari mmoja. Viazi vyake havikuoza. Ila mvua zilipokolea, kilima kilishuka.

Asubuhi moja nikakuta bustani imefunikwa udongo mwekundu, na udongo wa bonde letu ni mweusi tii. Chemchemi wanakochota majirani wote ilikuwa imefukiwa. Nililia, halafu nikajikaza. Mvua zilipokatika nikapanda kabichi juu ya udongo ule ule. Zikastawi ajabu! Nikauza Igowole, nikala na wanangu, nikamshukuru Mungu.

Siku moja nachimba mashimo ya miche, jembe likagonga kitu. Nikafukua kwa mikono. Ulikuwa msalaba, rangi nyeupe bado imeshika pembeni mwa jina la mama.

Basi kaburi nalo lilikuwa limeshuka pamoja na kilima. Nilikuwa nimelima nini? Nilikuwa nimewalisha nini wanangu?

Kijiji chetu kina sheria ndogo: ambaye udongo wake umefukia maji ya watu, aurudishe kwa mikono yake na apande majani upya. Mkutano ukaitwa kwa ajili ya chemchemi. Shangazi akanisihi nisimwaibishe ndugu yangu. Festo akasimama, akakana bila haya. "Mvua ya Mungu, udongo wa Mungu. Nani ataniambia huu ni wangu? Kwani una jina?" Watu wakacheka.

Nikajikongoja mpaka mbele, nikafungua kitenge nilichobeba kwapani, nikauweka msalaba kwenye meza ya mwenyekiti.

"Una jina, Festo," nikamwambia. "Soma."

Aliketi, akafunika uso.

Alilipa, sikatai. Alizibua chemchemi, akabeba udongo kwa viroba mpaka juu, akapanda mabingobingo, akainua upya tuta la kaburi. Watu wanasema haki imetendeka. Lakini juzi alisimama ukingoni mwa bustani na kiroba kitupu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, nichote upande upi?"

Alikuwa anamtafuta mama. Udongo mwingine umebaki kwangu, mwingine uliondoka na mto, na huko chini kuna watu wanaulima bila kujua.

Ndugu msomaji unayelima juu ya wenzako, nakusihi usiyang'oe majani ya mteremko. Na wewe uliye chini, usimwonee aibu anayekuharibia, hata kama mmenyonya ziwa moja. Mlipishe mapema, wakati bado kuna cha kurudisha. Mimi nilichelewa... Kabichi za mwisho zimekomaa mpaka zinapasuka bustanini, na nyumbani kwangu hakuna anayethubutu kuzikata.