Kutoa Kimoja Kimoja

Kompyuta ile ilikuwa na joto kabla haijachomekwa kwenye umeme.

Fundi aliweka kiganja juu yake, akakiondoa, akakiweka tena. Lilikuwa joto la mwili, kama la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akajiambia kwamba mzee aliyeileta labda alitembea nayo juani, ijapokuwa mzee alishuka kwenye teksi na tangu asubuhi mawingu yalikuwa hayajaachia. Alikuwa amechoka mno kubishana na joto.

Ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya zamani, ya enzi zile mashine nzima ilipokaa ndani ya kibodi yake, ukaiunganisha na televisheni na kuilisha programu kwa redio ya kaseti.

"Haiwaki," mzee alisema. Alikuwa na miwani minene, na alisimama mlangoni bila kuingia. "Ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Iwashe tu, mama, nione ndani mna nini."

"Nyumbani kwake hakuna anayejua ilizimika vipi?"

"Nyumbani kwake hakuna mtu tena," alisema mzee, akageuka akaondoka haraka kuliko miguu yake ilivyomruhusu.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma ya pazia walikaa watu watatu. Mama yake, ambaye kiharusi kilimwachia ulimi mkali na kumnyang'anya miguu. Mdogo wake, msusi, aliyesukia wateja ukumbini na kuamka saa tatu. Na binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Profesa kwa sababu hata akila alikuwa na kitabu pajani.

Fundi aliamka saa kumi na moja alfajiri. Akamgeuza mama, akamwosha, akambadilishia shuka, akachota maji, akakoroga uji, akafua, ndipo akafungua karakana. "Nakuja, dada," msusi alisema kila siku kutoka chini ya shuka, na hakuna aliyewahi kumwona akija. Profesa akishika ufagio alinyang'anywa. "Weka chini. Kazi yako ni kitabu," Fundi alimwambia, kwa sauti ambayo haikutaka majibu. Yeye mwenyewe alitolewa shule akiwa na umri huohuo, wiki sita kabla ya mtihani wa mwisho, kwa sababu nyumba ilihitaji mikono. Sasa zilikuwa zimebaki wiki tano mtihani wa Profesa ufike. Fundi alikuwa ameapa kwamba mikono ya mtoto huyu haitaitwa na nyumba, hata kama yake itakatika.

Akaifungua kompyuta, akaiunganisha na televisheni na kuichomeka. Taa nyekundu iliwaka, kioo cha televisheni kikabaki cheusi, transfoma ikanguruma chini chini. Fyuzi nzima. Akaweka kipimo, umeme ulikuwa unafika, volti tano kamili. Basi tatizo lilikuwa kwenye chipu. Zilikuwa nne, zimekaa kwenye soketi zake kama meno.

Kuna njia moja tu ya uhakika, nayo ni ya subira. Unatoa moja, unaiweka juu ya kitambaa, unawasha, unatazama. Isipowaka unairudisha, unatoa ya pili. Ile mbovu huwazuia wenzake wote, na siku ukiitoa hiyo wengine wanapumua. Fundi alitoa moja moja, akarudisha moja moja, mpaka nne zikaisha. Kioo kilibaki cheusi. Ila kila alipotoa chipu palitokea harufu ya nywele zinazoungua, akamfokea mdogo wake nyuma ya pazia apunguze moto wa pasi ya nywele.

"Sijawasha pasi, dada," msusi alijibu. "Leo nasuka tu."

Kesho yake saa nane mchana, msusi aliita kwa sauti ndogo. "Dada. Njoo umtazame mama."

Mama alikuwa ameketi kitandani, macho wazi, pumzi inaingia na kutoka. Fundi alimwita, hakupepesa. Akamwinua mkono, na mkono ukabaki hewani pale pale alipouacha. Na kutoka chumba cha mbele, ambako hakuna kilichochomekwa popote, transfoma ikanguruma.

Walikaa naye mpaka jua likazama. Hapo mama akashusha mkono na kuwatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenizunguka kama mmekamata mwizi? Uji wangu uko wapi?"

"Mama, ulikuwa wapi?"

Mama alifikiri kidogo. Makali ya ulimi yakampungua. "Niliota nimewekwa juu ya kitambaa," alisema. "Kulikuwa na mtu amenikalia kimya, anatazama kwingine. Kama anasubiri kitu kiwake."

Siku ya pili saa ileile, msusi alinyamaza katikati ya umbea, vidole vimeshika nywele za mteja. Mteja alicheka kwanza. Kisha akageuka akayaona yale macho, akatoka mbio na kitana kikiwa kimechomekwa kichwani. Ngurumo ilianza tena chumba cha mbele. Safari hii Fundi alikwenda kuchungulia, akaikuta televisheni, ambayo waya wake alikuwa ameukunja mwenyewe na kuutundika msumarini, ina weupe hafifu kwenye kioo, kama pumzi ya mtu aliyekaribia dirisha, na weupe ule ukasubiri, ukasubiri, ukafifia kwa namna ya mtu anayesema si huyu.

Jua lilipozama msusi alifumba na kufumbua macho. "Mteja wangu yuko wapi?"

"Kakimbia na nusu kichwa."

"Nusu! Jamani, atanitangaza mji mzima." Kisha akaona uso wa dada yake, akaketi chini.

Fundi alimpigia mzee wa miwani. Namba haikupatikana. Alikuwa ameshaelewa, na kuelewa kulimtia baridi kuliko kutoelewa, kwa sababu kazi aliyoiona ilikuwa safi, haina papara, ilikuwa kazi yake mwenyewe. Kitu kilikuwa kimemtazama akifanya.

Siku ya tatu hakumpeleka Profesa shule. Akamketisha karibu, akamshika mkono, akamwambia asome kwa sauti. Mtoto akasoma habari za mito na vyanzo vyake, saa sita, saa saba, sauti ikakauka akampa maji, akasoma tena, na Fundi akawa anaitazama saa ya ukutani na mdomo wa mtoto, saa na mdomo, akiubana ule mkono mdogo mpaka wakaumia wote wawili, na harufu ya nywele zinazoungua ikaingia kutoka chini ya pazia taratibu kama maji yanavyoingia chini ya mlango, na Profesa akasema, "Mto ukifika baha—" na hakulimalizia neno.

Fundi hakupiga kelele. Alikaa ameshika mkono uliokuwa na joto na hauna mtu. Alisikia ngurumo ikipanda, ikasubiri, ikashuka. Jua lilipozama Profesa akasema "—rini," akageuza ukurasa, akauliza, "Mama, mbona unalia?"

Mganga aliyeitwa usiku ule alikuja asubuhi iliyofuata. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kikohozi, aliyevua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Aliinusa. Akaifunika.

"Nikaitupe?" Fundi aliuliza kwa kunong'ona.

"Tupa ukitaka. Hilo ni ganda. Ulipofungua kifuniko jini alitoka, sasa yuko ndani ya nyumba na anataka iwe yake. Nyumba ikiwa yake, waliomo nao ni wake. Ila kila nyumba ina mtu anayemzuia, na yeye hajui ni nani. Anamtafuta." Akakohoa. "Hapa nani huamka wa kwanza?"

 Msusi alimtazama Fundi, Profesa akamtazama, hata mama kitandani akageuza macho.

"Basi ni wewe unayeibeba nyumba. Wenzako wametolewa, nyumba haikuwaka. Leo saa nane ni zamu yako, na ukitoka wewe, imewaka."

"Nisipolala?"

"Mtoto alikuwa amelala?"

Fundi akainamisha kichwa. "Huna dawa?"

"Dawa ninazo, za majini wenye hasira. Huyu hana hasira, mwanangu. Huyu yuko kazini."

Uchovu wa miaka yote ulimshukia Fundi mabegani kwa mara moja, hata akatamani, kwa kitambo kidogo cha aibu, hiyo saa nane ifike awekwe juu ya kitambaa apumzike. Kisha kichwa chake cha ufundi, ambacho hakikujua kulala, kikasema jambo.

"Zikiwa mbili," alisema polepole. "Chipu mbili zikiwa mbovu kwa pamoja, njia hii haifanyi kazi. Ukitoa hii, ile nyingine bado inazuia. Utatoa moja moja mpaka uzeeke."

Akamgeukia mdogo wake.

"Mimi?" msusi alisema. "Dada, mimi hata maji ya chai huyaunguza."

"Sikuombi unisaidie. Nakuomba uibebe."

"Na asiigize," mganga alisema. "Atajua."

Zilikuwa zimebaki saa tano. Msusi alijifunga shuka kiunoni, akaoshwa na jasho kabla hajamwosha mtu. Mama alilalamika kuanzia nyayo hadi utosi. "Maji gani haya? Unaninyonyoa kama kuku?" "Nisamehe, mama." "Nigeuze vizuri, mimi si godoro." Akamwangusha nusu, akamshika, wakabaki wamekumbatiana wanahema. Akapika, akachota maji ndoo baada ya ndoo, akauliza dawa ya mama ni ipi na ya saa ngapi, jambo ambalo katika miaka minne ya ugonjwa hakuwahi kuuliza, na mahali fulani kati ya kufua na kuanika aliacha kumtazama dada yake kila akimaliza kitu. Fundi aliona hilo. Akapata moyo.

Saa nane ikafika.

Hakusikia maumivu. Alichomolewa tu, kama mguu unavyotoka kwenye kiatu kilichobana, na akajikuta amelazwa juu ya kitu laini, hana mikono, hana sauti, na juu yake ameinama mwingine ambaye hakuwa na uso wa kutazamika, bali usikivu tu, usikivu mkubwa usiochoka, ulioelekea nyumbani kwake. Alimwona mdogo wake akimnywesha mama. Aliona weupe ukipanda kwenye televisheni, ukawa mkali kuliko siku zote, mistari ikaanza kukimbia, herufi zikaanza kujipanga, na ukutani kivuli cha Profesa kikasimama ilhali Profesa mwenyewe ameketi, na Fundi akataka kupiga ukelele na hana pa kuutolea, na msusi, bila kujua lolote, akafuta kidevu cha mama, akasema kwa sauti ya uchovu, sauti ambayo Fundi aliitambua kuwa yake mwenyewe, "Profesa, sogea, nideki hapo." Kivuli kikaketi. Weupe ukafifia.

Jua lilipozama alirudi. Mganga alivaa viatu, akasema tumeshinda, akaenda zake na kikohozi chake. Msusi alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, vidole vimenyauka kwa maji.

"Kumbe kila siku ndivyo hivi?" alisema. "Na hukunipiga hata siku moja?"

Wakacheka, kicheko dhaifu cha watu waliokwisha. Kisha msusi akauliza, kama mtu anayezungumza tu ili asisinzie, "Dada, wewe ukishatoa moja moja zote, usione kitu, huwa unaacha?"

 Fundi mzuri haachi. Fundi mzuri anajua kwamba huenda mbovu ni mbili, kwa hiyo anaanza upya, na safari hii anatoa mbili mbili.

Kesho yake saa nane, mama na Profesa walinyamaza kwa pamoja, mmoja kitandani, mwingine kwenye mkeka, vichwa vimeinama upande uleule.

Fundi alipiga hesabu kwa vidole. Watu wanne hufanya jozi sita. Moja ilikuwa inapita sasa hivi. Katika tano zilizobaki, moja ilikuwa yeye na mdogo wake, na hakujua itakuja kesho au siku ya mwisho. Siku hiyo nyumba itabaki na mgonjwa asiyeweza kusimama, na mtoto anayesoma. Alihesabu tena, akitafuta mtu mwingine. Hapakuwa na mtu mwingine.

Jua likazama. Profesa akapepesa macho, akapapasa mkekani akitafuta penseli yake.

"Profesa."

"Abee, mama."

"Funga kitabu."

Mtoto alimtazama kuona kama ni utani. Kisha akasimama haraka, uso umechangamka, kwa maana siku nyingi alikuwa akitamani kuambiwa hivyo. "Nikusaidie, mama? Kweli? Na kesho pia?"

"Na kesho pia," Fundi alisema. "Na kesho kutwa. Njoo huku kwa bibi."

Akasimama nyuma yake kando ya kitanda, akaichukua ile mikono iliyokuwa laini, yenye doa la wino kidoleni, akaipitisha chini ya makwapa ya mama.

"Shika hapa. Piga magoti kwanza, usiumie mgongo," alisema. "Usivute. Beba."