Koti la Kijivu Ndani ya Kirejeshi

Jaji mstaafu alikuwa amevua viatu na anapiga chenga katikati ya ofisi. Alimtoka beki ambaye hayupo tena duniani, akakilamba chenga kiti cha wageni, akapiga shuti, kisha akashangilia mpaka tai ikamhamia mgongoni.

"Niliwaambia!" alipaza sauti. "Lile goli halikuwa la kuotea!"

Mwanvita Kondo, mhandisi mkuu wa Nyumba ya Kumbukumbu, alimdaka kabla hajalivaa dirisha. Chini ya dirisha hilo jiji la Kisarawe lilikuwa limejaa asubuhi, magari ya hewani yakipishana kati ya maghorofa kama kumbikumbi baada ya mvua. Wazee walisema zamani mji huu ulisifika kwa mihogo. Vijana walidhani ni utani.

Mashine iliyomfufulia jaji ujana wake iliitwa kirejeshi. Ukiipa picha moja, hata iliyotafunwa na mende, ilisoma vivuli na mikunjo ya nguo, ikaunda maumbo ya nuru yanayotembea na kuongea. Picha ilipoishia, kofiahisi aliyovaa mteja ilichokonoa ubongo wake na kuchota kilichobaki. Na ubongo nao ulipogoma, akili mnemba ilijaza pengo kwa kukisia. Mwisho mteja alitamka neno moja, "kaza", na kumbukumbu mpya ikakaa kichwani moja kwa moja. Ile ya zamani yenye ukungu iliyeyuka.

Jaji alikaza. Kama kweli aliotea, basi hakubaki mtu duniani wa kusema hivyo, hata mfungaji mwenyewe.

Alipoondoka, Mwanvita alifunga mlango. Alikuwa amewarudishia watu harusi zao, mbwa wao, hata meno yao. Leo zamu ilikuwa yake.

Alitoa picha aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu mama yake. Ndani yake mtoto mdogo, yeye mwenyewe, amebebwa na mwanamume aliyevaa koti la kijivu na kofia iliyoshuka mpaka puani. Nyuma yao watu wamekaa mikekani, vinywa wazi kwa kicheko. Kila alipoitazama, kitu kilimfumka kifuani: pua yake imezama kwenye koti lenye harufu ya ugoro, na sauti sikioni inasema, "Usilie, nimerudi." Hicho tu ndicho alichonacho cha baba yake Kondo, aliyefariki kabla yeye hajaanza shule. Uso wa baba aliujua kwa kitambulisho, na kwenye kitambulisho kila mtu anafanana na mtuhumiwa. Alitaka kumwona akicheka. Basi.

Akavaa kofiahisi.

Ofisi ikageuka uwanja wa nyumba yao ya Maneromango. Harufu ya kuni ikaja, na kuku akapita bila hodi. Mtu wa koti akainua kofia, na chini yake uso wa Kondo ukacheka, meno yote nje. Mwanvita aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Tukio ni harusi," kirejeshi kilieleza kwa sauti yake ya upole. "Uso umekisiwa kutoka kwenye kitambulisho. Kabla ya kukaza uso wa kukisia, anahitajika shahidi mmoja aliye hai."

Mwanvita alisonya. Sheria hiyo aliitunga yeye. "Mtafute Mihayo wa Urambo. Mama alikuwa anamtaja. Mtani wa baba."

Haukupita muda, simu ikaunganishwa, na umbo la nuru la mzee mwenye fulana likasimama katikati ya ofisi, kiganjani karanga.

"Nani huyo ananikatiza kifungua kinywa?"

"Shikamoo, mzee. Ni Mwanvita, binti Kondo."

"Mtoto wa mtumwa wangu ananiamkia kwa adabu! Unaumwa? Nilijua tu, ipo siku Wazaramo mtaishiwa ngoma, mje kutuazima Wanyamwezi."

Mwanvita alilelewa mjini kati ya mashine, hakufundishwa utani wa makabila na mtu. Lakini ulimi ulijipata wenyewe. "Na ninyi wapagazi, mizigo mmeshatua, au bado iko kichwani?"

Mihayo alicheka hadi karanga zikamwagika. "Ndiyo! Huyo sasa ni wa Kondo. Sema shida yako."

Alimwonyesha uwanja, mikeka na mtu wa koti. Mihayo akatazama, akasogea, akatazama tena.

"Hiyo sura mmeibandika ninyi?"

"Ni ya baba."

"Ya Kondo, sikatai. Ila aliye ndani ya koti ni mimi."

"Wewe? Kwenye harusi?"

"Harusi gani, mama? Hayo ni matanga ya baba yako."

Akaeleza. Siku ya kuanua matanga, mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akaongea kama yeye, akadai chakula chake, mpaka wafiwa wacheke na nyumba ipumue. Kirejeshi kiliona meno nje, kikasema harusi. Hakuna aliyekifundisha kwamba sisi tunacheka msibani. Angekifundisha nani, ikiwa Mzaramo mwenyewe aliyekiunda alikuwa amesahau?

"Watu walikuwa hoi, mbavu hawana," Mihayo aliendelea. "Mara wewe huyo, mbio, ukaning'ang'ania mguuni. 'Baba umerudi!' Uwanja mzima kimya. Ningefanyaje? Nivue koti mbele ya macho yako? Nikasema nimerudi, na uwanja ukaangua kicheko upya. Nikakubeba nalo mpaka ukalala. Na jua lile, koti la sufu! Nilichemka kama kiazi."

Mwanvita alikaa chini sakafuni. Kumbe kitu pekee alichonacho cha baba kilikuwa cha mtu mwingine.

"Kuna hitilafu," kirejeshi kilisema. "Chaguo la kwanza, niweke uso wa Mihayo. Chaguo la pili, nibakize uso wa Kondo, na mazungumzo haya yayeyuke utakapokaza. Wateja walio wengi huchagua la pili."

"Wengi?"

"Karibu wote."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Hujawahi kuuliza."

"Hilo tutalizungumza kesho, mimi na wewe, na halitakufurahisha."

Hata hivyo hakuinuka. Uso wa Kondo ulikuwa pale pale, karibu ya kuguswa, ukimchekea yeye tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na alikwisha kulisikia likitamkwa na watu wenye akili zao timamu. Akafumbua mdomo.

"Mihayo," akasema, akiliacha kando neno "mzee", "ulimwigiza vizuri?"

"Thubutu nisimwigize vizuri! Ukikosea mwendo wa marehemu, wafiwa wanakufukuza na mifagio."

"Nionyeshe."

"Kwa magoti haya?"

"Kwani ile mizigo mlikuwa mnabebea magoti ya jirani?"

Mzee alimtukana tusi la utani, kisha akajikongoja akasimama. Akashusha mpaka puani kofia isiyokuwepo. Akatoa kifua, akaanza kuikata ofisi akiburuta mguu wa kushoto, kidevu juu kama mwenye shamba.

"Mama Mwanvita!" alinguruma. "Chai hii ni ya leo, au ni masalia ya harusi yetu?"

Kicheko kilimtoka Mwanvita bila ruhusa. Alicheka, machozi yakafuata nyuma yake, na katikati ya hayo yote akajisikia anapiga kelele:

"Siyo huo! Wa kulia!"

Mihayo aliganda. Akaiangalia miguu yake mmoja mmoja. "Kweli. Wa kulia, ule ulioangukiwa na gogo. Uzee umenichanganyia miguu." Akainua macho. "Nani alikuambia? Mama yako?"

"Mama hakuwahi kuusema."

"Basi uliniona mimi siku ile."

"Siku ile ulinibeba, Mihayo. Mimi huu mguu nimetembea nao."

Njia ya vumbi. Kandambili ya tairi ikichora mstari mrefu vumbini, na yeye akiuruka mstari huo, huku na huku, wakienda kununua sukari. Sauti kutoka juu: "Pita huku, mama, upande wa mguu mzima, nisije nikakukanyaga." Kumbukumbu hii haikuwa na koti wala ugoro, na picha haikuijua kabisa.

Kofiahisi ilikuwa bado kichwani mwake. Uwanja wa matanga ulififia, na mahali pake ikatandikwa njia nyembamba: vumbi, mstari, kandambili, goti, na mkono mkubwa ulioning'inia, kidole chake kimoja kikiwa kimeshikwa na kiganja cha mtoto. Kutoka kiunoni kwenda juu hapakuwa na kitu.

Mihayo alivua ile kofia isiyokuwepo, akaishika kifuani.

"Kumbukumbu mpya imepatikana," kirejeshi kilisema. "Uso haupo. Nijaze?"

"Hapana," alisema Mwanvita, akivua kofiahisi. "Nilikuwa mfupi."