Fundo la Mwisho la Nahodha

Saynab, mwuza maziwa, ndiye wa kwanza kumwambia Kanana kwamba mtoto wake hapepesi macho. Aliteremsha kibuyu mlangoni, akapitisha kidole mbele ya uso wa Kirimi aliyekuwa mgongoni mwa mamake, kisha akanong'ona, "Mama Kirimi, mtoto yako natazama mbali sana."

Kanana alijibu kwamba ni meno. Alikuwa amechoka. Tangu vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali, vianze, kafyu iliufunga mji wa Garissa kila jua lilipozama, na yeye, mtu wa Meru asiyejua Kisomali, hakuwa na wa kumlalamikia. Lakini alipompakata mtoto, nywele zake zilinuka chumvi na samaki.

Alijua ilikoanzia. Mumewe Lazarus, karani, alipewa kazi ya kufungasha vitu vya kale vilivyoletwa kutoka pwani viende makumbusho ya Nairobi, na kwa kuwa njia ilitegwa mabomu, sanduku lilikaa nyumbani kwao likingoja msafara wa jeshi. Ndani mlikuwa na kibao cha nahodha wa zamani, kimetobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Lazarus alimweleza kwa furaha: nahodha huuma fundo, akanyoosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukae kwenye upeo wa bahari, wa juu uguse nyota. Kila fundo ni bandari, na nyota ikikaa sawa, nahodha anajua amefika usawa wake. Kanana aliitikia kwa kichwa tu. Kwao, uzi wenye mafundo ni uchawi wa kufunga tumbo la mtu asizae. Lazarus alipokwenda kazini, aliyafungua yote.

Tangu siku ya Saynab nyumba haikutulia. Ulianza mlio wa kamba inayovutwa darini, ilhali nyumba haikuwa na dari. Kisha maji ya mtungi yakawa ya chumvi. Kisha pumzi za Kirimi zikaanza kupanda na kushuka polepole kama kitu kikubwa kinachojigeuza, na kila Kanana alipomlaza upande mwingine mtoto aligeuka mwenyewe kuelekea ukuta uleule, macho wazi, midomo imebana kana kwamba ameuma kitu, hataki ziwa, hataki uji, anakonda mikononi mwa mama anayesinzia na kushtuka, kusinzia na kushtuka.

Saynab akamleta mjomba wake, mzee Hared, anayesomea watu wenye majini. Alisoma hadi sauti ikakauka, kisha akauliza nani aliyeshika uzi. Kanana akakiri, macho chini.

"Umefunja nyumba yake," mzee akasema. "Huyu wa bahari alikaa kwa hiyo mafundo. Sasa amehamia kwa jicho ya mtoto, natafuta njia. Funga yote, mama. Ukiacha moja, atabaki na yeye."

Uzi ulikuwa na makunyanzi palipokuwa na mafundo. Alifunga moja baada ya jingine, na kila alipokaza, pumzi ya mtoto ilipungua uzito. Ila la mwisho alama yake ilikuwa imefutika, na hapakuwa na wa kumwonyesha. Jua lilishazama. Miguu ya Kirimi ikaanza kupoa.

Kanana akambeba akatoka uani, Lazarus akimsihi kwa mnong'ono kwamba askari watampiga risasi. Akatazama alikotazama mtoto. Palikuwa na nyota moja juu ya mabati ya jirani. Akauma uzi, akasogeza kibao hadi kikajaza nafasi kati ya paa na nyota, akafunga fundo pale pale penye meno yake.

Kirimi akapepesa macho, akalia kwa njaa.

Kwa sababu ya kafyu, Hared alilala kwao. Mtoto alipokuwa akinyonya, mzee aliuliza taratibu, "Ile ya mwisho umepimia wapi?"

"Hapa uani."

"Basi sasa hapa ni bandari yake," Hared akasema. Alikunja mkeka wake, akahamia karibu na mlango.

Asubuhi msafara ulikuwa tayari na sanduku limepakiwa. Kanana alifika na Kirimi mgongoni, akaomba nafasi ya kwenda kwao. Askari akamwambia apande lori la nyuma, kwa maana la mbele ndilo hukanyaga mabomu. Kanana akauliza sanduku la makumbusho limo katika lori lipi. Akaambiwa la nyuma.

Akapanda la mbele.