Vichupa Viwili vya Kina Dallaire

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nesi Huguette Maltais aliinua vichupa viwili vya damu dirishani, kwenye kliniki ya utafiti mjini Chicoutimi, akaduwaa. Damu ya Noëlla Dallaire, ambayo siku zote ikituama hujaa mafuta meupe kama maziwa, leo ilikuwa safi. Ya mdogo wake Lisette, iliyokuwa safi tangu vuli, ilikuwa imerudia maziwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Mwili hauyeyushi mafuta, na kipande cha jibini tu chatosha kuliwasha moto kongosho. Dada hao walikuwa katika jaribio la dawa mpya: wengine walijidunga dawa nyumbani, wengine maji ya chumvi, na hakuna aliyeambiwa kapata nini.

"Réjean kachanganya majina," alisema Daktari Villeneuve.

"Mimi tena?" Réjean wa maabara aliguna. "Pimeni makundi ya damu, halafu mniombe radhi."

Wakapima. Lisette A, Noëlla O, kama faili lilivyosema. Daktari akaomba radhi kwa shingo upande.

"Basi kiwanda cha dawa kimekosea," alisema.

Huguette alikuwa akitazama maboksi ya sindano zilizotumika, ambayo wagonjwa huyarudisha. Lebo za majina zilikuwa na mikunjo, na gundi yake ilikuwa imepakwa mara mbili. Na kina Dallaire wanaishi nyumba moja, friji moja.

Saa nane mchana alikuwa jikoni kwao.

"Lisette, kunja mikono ya sweta."

"Unataka kunipima nguo?"

"Kunja, mama."

Viwikoni, vipele vya manjano vya mafuta ambavyo ugonjwa huo huleta vilikuwa vimerudi.

"Vilipopotea ndipo ulipojua dawa halisi unayo wewe," Huguette alisema. "Ukabandua lebo, ukazibadilisha na za Noëlla."

Lisette alikaa chini. "Noëlla alilazwa mara tatu tangu vuli. Nilikuwa nakula peke yangu, Huguette, nakitazama kiti chake kitupu. Nilimtaka dada yangu nyumbani, basi."

Noëlla alikuwa amesimama mlangoni. "Jumapili nilikula jibini," alisema polepole. "Nikadhani nimepona mwenyewe."

"Nikiandika, mnatolewa wote wawili," Huguette alisema. "Nisipoandika, dawa itaonekana haifai kitu, na hakuna mgonjwa atakayeipata."

Noëlla alifungua friji, akatoa sindano ya mwisho, akaiweka mkononi mwa nesi. "Andika."

"Noëlla, usimpe!" Lisette alilia. "Wewe Huguette una roho gani? Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Huguette aliandika namba ya sindano kwenye fomu, kisha akaweka kalamu chini.

"Kaka yangu Gérald alikuwa kwenye jaribio la kwanza," alisema. "Alipewa maji. Damu yake nilikuwa naiona kila wiki, nyeupe pe. Na funguo za friji ya dawa nilikuwa nazo mimi. Sikuifungua hata siku moja."