Washa Roaming, Nelima

Risasi ilipasua kioo ya nyuma.

Nelima hakugeuka. Aliinama juu ya steering, akakanyaga mafuta mpaka ile Probox ikalia kama mbuzi imefungwa kamba fupi.

Nyuma yake, Land Cruiser nyeupe. Haina namba.

Sasa hiyo barabara ya kutoka Bissil kwenda Namanga, kama umeipita unaijua. Imenyooka. Hakuna kona, hakuna nyumba, hakuna hata ukuta wa kujificha. Mtu akikufuata hapo, amekufuata. Na hii Probox ilikuwa imezeeka, kazi yake ilikuwa kubeba nyanya sokoni Kitengela. Nelima aliichukua makusudi ndio asijulikane.

Na bado walimjua.

Hiyo ndio kitu ilikuwa inamuuma kuliko risasi.

Risasi ya pili. Side mirror ikaenda.

Akakata kushoto, akatoka lami, akaingia kwa vichaka. Vumbi ya Kajiado ikafuka nyuma yake kama moto ya nyasi. Hiyo vumbi, ukitaka kufua nguo utailaani, lakini siku ya vita ni rafiki. Land Cruiser ikapotea ndani yake. Nelima akaona korongo mbele, mto wa mchanga, hakuna maji. Akateremsha gari huko chini kwa nguvu, bampa ikabaki juu.

Akazima injini. Akatoa bastola yake, Glock. Akangoja.

Land Cruiser ikapita juu, ikaenda, ikaenda, sauti ikaisha.

Ndio akatoa simu. Samsung ya kazi. Kwa kioo kulikuwa na meseji:

"Karibu Tanzania."

Na yeye yuko Kenya. Miguu yote mbili.

Wacha nikueleze hii maneno ya roaming, kwa sababu watu wengi inawasumbua. Laini yako ni kama ndama. Nyumbani inanyonya mama yake. Lakini ukikaribia mpaka, mnara wa simu wa kwetu unakuwa mbali, wa jirani unakuwa karibu, basi hiyo ndama haina aibu, inaenda kunyonya kwa jirani. Jirani hakatai. Lakini anajua ndama ya nani imekuja, na imekuja saa ngapi. Ndio watu wa Namanga huingia kwa settings, wanazima data roaming, wanachagua network na mkono wao, ile automatic wanakataa kabisa. Mtu wa kawaida anafanya hivyo ndio bundle yake isilambwe.

Nelima alikuwa anafanya hivyo ndio aishi. Wabaya anaowawinda kazini walikuwa na mtu wao ng'ambo ya mpaka, kazi yake ni kukaa kwa kompyuta na kuangalia laini za Kenya zikiingia.

Na huyo Nelima ni nani? Ukimwona Kitengela utadhani ni mama wa ofisi tu. Anapanga kwa ploti, anaimba kwaya, anauliza bei ya mboga ya sukuma kama wewe. Kumbe ni jasusi, mtu wa Idara. Ile Idara haina kibao mlangoni.

Hiyo sheria ya roaming alifundishwa na Hiram.

"Karibu na mpaka, roaming ni off," Hiram alimwambia siku ya kwanza kazini. "Hata mkubwa wa nchi akikupigia akuambie washa, mwambie simu imeanguka kwa choo."

Hiram ndiye bosi wake. Hapana, bosi ni neno dogo. Baba ya Nelima alikufa Nelima akiwa bado kwa chuo, na siku watu wa bwana yake walikuja na mahari kule Webuye, ni Hiram alikalia kiti cha baba. Ni yeye alikagua ng'ombe. Alikataa moja, akasema hiyo inakohoa, leteni ingine. Watu walicheka mpaka machozi. Tangu hiyo siku Nelima hamwiti bosi. Anamwita Mzee, na akisahau anamwita baba.

Sasa asubuhi hiyo Hiram alikuwa amepiga simu, Nelima akiwa kwa kibanda cha chai Kitengela.

"Mtoto ameshikwa na homa," Hiram alisema.

Hiyo maana yake ni toka sasa hivi.

"Nimesikia. Mgonjwa yuko wapi?"

"Namanga. Kuna lori ya chanjo ya ng'ombe inataka kuvuka iingie kwetu. Chanjo ya uongo. Ndani ya chupa wameweka ugonjwa wenyewe."

Nelima akaweka kikombe chini. Wiki hiyo ng'ombe za Kajiado zilikuwa zinangoja sindano. Zote zingekufa. Na mwenye ng'ombe zimekufa, unajua anauza nini? Anauza shamba. Na kampuni fulani ya wageni ilikuwa imeshatengeneza karatasi, inangoja watu walie ndio inunue.

"Naenda," akasema.

"Ngoja. Washa roaming. Tuko na mtambo mpya hapa ofisini, nataka nikuone live mpaka ufike mpakani."

"Mzee, si ni wewe ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema ingine. Unabishana na mimi?"

"Hapana, baba."

Akawasha.

Haya. Sasa amekaa kwa korongo, kioo imemkata shingo, anaangalia hiyo meseji ya karibu.

Akazima roaming. Akaweka simu airplane mode. Akachukua radio, Motorola.

"Kifaru kwa Ngamia."

"Ngamia anasikia." Huyo ni Ruqia, inspekta wa polisi wa mpaka. Mama mmoja ana mdomo kama pilipili. "Uko wapi wewe? Nimekaa kwa jua mpaka nimeiva upande mmoja."

"Ruqia, nani amekuambia lori inapita wapi?"

"Mzee wako. Amesema wamebadilisha, inapita Loitokitok, upande wa Entarara. Nimetuma karibu watu wangu wote huko."

Nelima akafunga macho. Entarara ni mbali sana na Namanga. Ukienda huko, hata ukibebwa na ndege hutarudi kwa wakati.

"Uko na wangapi hapo?"

"Wachache. Na mpishi. Kwa nini?"

"Labda amedanganywa," Nelima akasema. Lakini alikuwa anajiambia mwenyewe.

 Ruqia akasema polepole, si kama Ruqia. "Dada, mimi simjui huyo mzee. Wewe ndio unamjua. Anadanganyika?"

Nelima akaweka radio chini.

Juu ya korongo kengele ikalia. Glock ikapanda yenyewe.

"Hiyo si mahali ya kupark, mama," sauti ikasema.

Alikuwa mwanaume wa makamo, shuka nyekundu, rungu kwa bega, na nyuma yake ng'ombe mpaka zimefunika ardhi. Mbele kabisa kulikuwa na ng'ombe dume kubwa, pembe kama mlango, kengele kwa shingo.

Nelima akateremsha bastola, akamsalimia kwa Kimaasai. "Sopa."

"Epa. Naitwa Lemein. Wale watu wa gari nyeupe wanakutafuta wewe? Wamepita wamenitisha ng'ombe."

"Unazipeleka wapi?"

"Kule." Akaonyesha na midomo. Kule ni Tanzania. "Nyasi iko kule. Mvua haijui mpaka, na ng'ombe zangu hazijawahi ulizwa kitambulisho."

Nelima akaangalia hiyo dume. Akaangalia simu. Wazo ikamjia, na hakuipenda. Kwa sababu hiyo wazo ingemwambia ukweli.

"Lemein, nipatie shingo ya huyu ng'ombe."

"Nini?"

Akamweleza yote. Chanjo, ugonjwa, shamba, lori. Lemein alisikiza bila kupepesa macho. Nelima alipofika kwa sindano, Lemein akatema mate chini.

"Daktari wa mifugo alituambia tuzilete zote Alhamisi," akasema. "Hata ndama. Yeye mwenyewe hajui hiyo dawa imetoka wapi." Akageuka, akaita ile dume. "Mheshimiwa! Kuja!"

"Anaitwa Mheshimiwa?"

"Anakula kuliko wote, hafanyi kazi, na ukimgusa anakasirika. Utamwitaje? Mfunge hiyo simu. Leo afanye kitu."

Nelima akawasha roaming tena. Akaingia kwa settings, akachagua network ya ng'ambo na mkono, ndio simu isirudi nyumbani. Kisha akatuma location yake live kwa mtu mmoja tu duniani.

Akaandika: "Mzee nimeumia. Natembea naelekea mpaka. Sijui nani ametuuza. Nisaidie."

Jibu ikaingia kabla hajapumua.

"Pole mama. Kaa hapo hapo. Usiambie mtu mwingine. Nakuja mimi mwenyewe."

Alifunga hiyo simu kwa leso, akaikaza chini ya mkanda wa kengele.  

Mheshimiwa akaenda na simu, pole pole, akikula njiani, ng'ombe zingine nyuma yake, vijana wa Lemein wakifuata kwa vichaka. Nelima na Lemein wakalala juu ya mwamba na darubini mpaka jua ikaanza kuteremka. Ruqia akaitwa kwa radio, akaja kimya kimya na watu wake wachache mpaka kwa korongo, kwa sababu Lemein alisema hiyo ndio njia ya panya ya malori, na Nelima alifikiria hivi: wakiamini mimi niko kule nimeumia, lori itapita hapa.

Lakini kwa roho alikuwa anaomba kitu ingine. Alikuwa anaomba gari ya Idara ije. Ambulensi. Askari wa Kajiado. Mtu yeyote. Hiram alikuwa na ofisi nzima ya kutuma watu wazuri.

"Unaombea wasikuje?" Lemein akauliza.

"Kaa kimya."

"Sawa. Lakini wanakuja."

Vumbi.

Land Cruiser nyeupe.

Ilisimama katikati ya ng'ombe. Wanaume wawili wakashuka na AK-47. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mzee na kofia ya kijivu na koti ya suti, akashika goti kwanza kabla kusimama, vile hufanya siku zote.

Nelima akaweka darubini chini.

"Ni yeye?" Lemein akauliza.

"Ni yeye."

Huko chini Hiram alikuwa anaita. "Nelima! Nelima mama! Ni mimi! Toka, usiogope!"

Kengele ikalia. Mheshimiwa akainua kichwa, akamwangalia, akarudi kwa nyasi.

Hiram aliangalia simu yake. Akaangalia ng'ombe. Akaangalia simu tena.

Radio ikakwaruza. "Ngamia kwa Kifaru. Lori imeingia korongo yenyewe kama panya kwa mtego. Dereva ameinua mikono mpaka ameguza paa. Masanduku yote iko hapa."

"Usifungue hata moja."

"Kwani mimi ni mjinga?"

Lemein akapiga mluzi.

Sijui kama umewahi kusimama ndani ya ng'ombe mingi zikiitwa na mwenyewe. Zinasonga pamoja kama maji. Wale wawili na bunduki walizungukwa kwa pembe, mmoja akasukumwa kwa mlango ya gari, mwingine akaanguka, bunduki ikaenda chini ya kwato. Vijana wa Lemein wakatoka kwa vichaka na marungu. Hakuna hata risasi moja ililia.

Nelima akateremka na Glock mkononi. Alitembea kati ya ng'ombe mpaka akasimama mbele ya Hiram.

"Shikamoo Mzee."

Hiram akarudisha simu mfukoni.

"Wewe ulisema utakuja mwenyewe. Asante umekuja."

"Nilikuja kukuokoa," Hiram akasema. "Wangekumaliza. Nikasema wacha niende nao, nitawazuia."

"Na hii kioo ya nyuma walipasua asubuhi, ulikuwa unawazuia ukiwa wapi?"

Hiram akafuta uso na kofia. "Unajua nimefanya hii kazi tangu lini? Nakaribia kustaafu. Watanipatia nini? Saa ya ukuta na picha. Hawa wamenipatia mahali ya kuzeekea. Hata wewe ungepata kitu, kama ungechelewa tu njiani. Nilijua utawahi. Nilikufundisha vizuri sana, hiyo ndio makosa yangu."

"Si ungeniambia nisiende? Ungesema Nelima leo lala nyumbani. Ningelala."

 Na ni ukweli. Angelala. Angeambiwa ruka, angeruka.

"Ofisi ilikuwa imejua hiyo lori, lazima ningetuma mtu, na hawa wangejua ni mimi nimekuonya," Hiram akasema chini chini.

"Kwa hivyo ukapima. Wewe na mimi."

 Hiram aliangalia kando, kwa ng'ombe, kana kwamba anazikagua.

Nelima akatoa pingu. "Leta mikono."

"Nelima. Sisi ni familia. Zungumza na hao watu wa Ruqia."

"Mikono, Bwana Hiram."

Hiyo "Bwana" ilimpiga kuliko ngumi. Akaleta mikono.

Alimfunga polepole, akahakikisha chuma haimkati, kwa sababu ngozi ya wazee ni laini. Kisha akamfungulia Mheshimiwa mkanda, akatoa simu, akazima roaming, akazima simu yenyewe.

Ruqia alifika na gari, amejaa vumbi mpaka kope. Aliangalia Hiram, akaangalia Nelima. Alikuwa na mzaha kwa mdomo, ukaona anaumeza.

"Utapanda na sisi mpaka Kajiado?" akauliza.

"Na huyu?"

"Lazima."

"Basi nitatembea."

Akaaga Lemein, akafunga koti yake, akaenda barabarani. Mzee aliita jina lake mara moja. Hakugeuka. Mgongo ulikuwa umenyooka, hatua zake za kawaida, kama mtu ametoka kazini saa ya kutoka.

Pickup ya kubeba nyasi ikasimama. Dereva alikuwa mtu wa maneno.

"Kitengela? Ingia, dada. Kwani umetoka wapi na vumbi hivyo?"

"Kumzika baba."

"Aii, pole sana. Alikuwa ameugua?"

Nelima akafunga mshipi wa kiti.

"Hapana. Ilikuwa ghafla."