Nilimpanulia Dada Gauni

Jua lilikuwa linazama nilipofunika cherehani na kumpelekea dada yangu gauni lake. Aliniagiza nilipanue kiunoni. Sikumuuliza kitu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kupata mtoto, nikadhani amenenepa kwa mawazo.

Mimi mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Kitovu kimeanza kutokeza, mstari mweusi umeshuka chini yake, na mtoto ameanza kucheza. Kila jioni dada alikuja kunipaka mafuta tumboni, kwa mkono wa kushoto, huku akinong'ona. Nilidhani ananiombea.

Lakini siku hiyo mtoto hakucheza tangu asubuhi. Na sketi ilikuwa inanivuka.

Nilikuta mlango haujafungwa vizuri. Ndani kimya... kisha harufu. Mafuta yale yale, yamechanganyika na kitu kama damu iliyolala.

"Usimpake tena," mtu alinong'ona. "Ameshahamia."

Ilikuwa sauti ya mama yetu.

Nikasukuma mlango. Dada alikuwa amelala chali, shuka limefunuliwa. Tumbo lake limeumuka, na mstari mweusi umeteremka kutoka kitovuni.

Nikashika langu. Laini. La baridi.

Ngozi ya tumbo lake ikainuka... ikashuka.

Teke.

"Mama, mmenifanya nini?"

Hakuniangalia. Alikuwa anakunja kitambaa chenye mafuta, taratibu, kama anayekunja nguo za kanisani au za arusi. "Wewe bado mbichi, mwanangu. Utapata mwingine. Mwenzio ndoa ilikuwa inavunjika."

"Na mimi?"

"Wewe ni mdogo wake."

Dada akafumbua macho. "Umeniletea gauni?" akauliza kwa upole.

Kesho yake mkunga alinipima, akarudia, akatoa mikono. Hakuna mtoto, wala dalili kwamba mimba imeharibika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika niliwahi kuwa mjamzito. Na ni yeye huyo huyo aliyenisikilizisha moyo wa mwanangu mwezi uliopita.

Dada alijifungua mvulana. Kwake siendi. Mama huja kunijulia hali, nami humfungulia, maana mama ni mama. Ila alichokigusa sili.

Wanakaa mtaa wa tatu, kilio cha mtoto hakinifikii. Lakini maziwa hunitoka. Blauzi ikilowa, najua ana njaa.