Kituo cha Wazee, Siku Mbili kwa Wiki

Kila asubuhi fundi cherehani alimwogesha mama yake, akampa chai, akamfungia ndani kwa kufuli na kwenda kazini. Mama alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake. Sasa hakumtambua hata huyu fundi, binti yake.

"Dada, nifungulie!" mama alilia. "Kuna mzazi mwenye uchungu ananisubiri!"

Fundi alitia ufunguo mfukoni, akaondoka. Angefanyaje? Juzi tu mama alipotea, akaonekana sokoni na kiatu kimoja.

Jirani alichoka kusikia vilio. Akamwita nesi wa Kituo cha Wazee cha chuo kikuu. Nesi alimngoja fundi mlangoni.

"Mama si mkaidi, dada yangu. Ubongo wake unaugua."

"Kuna dawa?"

"Ya kumponya, hakuna."

Fundi akakaa chini. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukuomba usimfungie. Moto ukiwaka atatokea wapi? Mlete kituoni mchana. Akisema mzazi anamsubiri, usibishane naye. Mwulize mzazi anaendeleaje. Na shona namba yako ya simu kwenye magauni yake."

Fundi alishona namba kwenye magauni yote sita. Mama akaanza kushinda kituoni, akikunja vitambaa na kuimba. Madaktari waligundua kuwa vidonge vya usingizi ambavyo fundi alikuwa akimnunulia dukani vilimzidishia kuchanganyikiwa. Walipomwachisha, alitulia kidogo.

Baada ya miezi mitatu, tangazo lilibandikwa getini. Kituo kingefungwa. Serikali haikukitengea fedha kwenye bajeti mpya.

Fundi alilisoma mara mbili. "Basi, yamekwisha."

"Bajeti bado haijapitishwa," nesi alisema. "Kamati ya bajeti lazima isikilize wananchi kwanza. Kikao ni Alhamisi. Fika mapema, ujiandikishe uitwe."

"Mimi? Nimeishia darasa la nne. Nitasema nini mbele ya wenye suti?"

"Suti si mnawashonea nyinyi? Waeleze siku yako inavyokwenda. Hilo hawalijui."

Alhamisi alikwenda na mama, maana hakuwa na wa kumwachia. Wananchi walikuwa saba tu katika ukumbi mzima. Alipoitwa, alisimama pamoja na mama.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Ananiita dada. Amezalisha watu miaka thelathini. Mkifunga kituo, nitamfungia kama mbuzi, au niache kazi tulale njaa. Niambieni, nichague lipi?"

Mjumbe mmoja wa kamati alitazama saa.

"Dada, twende," mama alinong'ona. "Hawa hawana mgonjwa."

Wiki mbili baadaye majibu yalikuja. Kituo kilipewa nusu ya fedha. Kingefunguliwa Jumanne na Ijumaa tu. Nesi alikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi. Fundi alilia mbele ya wateja.

Lakini wale saba wa kikaoni, wote wenye wazee nyumbani, walikuwa wamepeana namba za simu. Wakagawana siku zilizobaki, kila mmoja akiwatunza wazee wa wenzake kwa zamu. Zamu ya fundi ni Jumatano. Wazee watatu huketi kando ya cherehani yake, mlango wazi. Mama hasemi tena, ila hukubali kushikwa mkono.

Kwa kikao cha mwakani, watu kumi na tisa wameahidi kwenda kusema. Fundi ni wa kwanza. Daktari amemwambia asitegemee kwenda na mama yake; huenda asifike mwakani.